Shimo Lisilojaa: Maji Taka Yako Huenda Wapi?

Huku nyumba za kukodisha, maduka na nyumba za wageni zikizidi kujengwa Tiwi, Ukunda, Diani na Msambweni, kuna sifa moja ambayo wenye ploti hupenda kuitaja: kwamba shimo lao la maji taka halijawahi kujaa tangu lichimbwe. Sifa hiyo inazua swali. Ikiwa maji ya wapangaji 40 huingia humo kila siku na shimo halijai, huenda wapi?

Katika ukanda wa pwani wa Kaunti ya Kwale, huenda jibu likawa kisimani. Sehemu kubwa ya ukanda huu ni mchanga na mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una nyufa na mianya, na maji yanayomwagwa humo hushuka haraka bila kuchujwa hadi yakakutana na maji ya chini ya ardhi. Maji hayo ndiyo tunayoyavuta kwa ndoo na pampu kwa ajili ya kunywa na kupika. Kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara hupitia njia hiyo.

Kazi ya tangi, kazi ya udongo

Mfumo wa septiki una sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja. Maji taka yakitulia humo kwa muda wa siku moja au zaidi, uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka. Maji hayo huonekana mepesi, lakini bado yamejaa viini vya magonjwa.

Sehemu ya pili ni shimo la kunyonya, au mitaro yenye kokoto na mabomba yenye matundu. Hapo udongo ndio unaochuja maji na kuua viini. Kwa hivyo, shimo lililochimbwa hadi kwenye mwamba wenye nyufa, au hadi kwenye maji yenyewe, limeruka hatua muhimu kuliko zote.

Ukubwa wa tangi

Tangi hupimwa kwa idadi ya watu watakaolitumia. Kanuni moja inayotumiwa na wahandisi ni kuzidisha idadi hiyo kwa lita 180, kisha kuongeza lita 2,000. Familia ya watu 6 inahitaji lita 3,080. Jengo la kukodisha lenye wapangaji 40 linahitaji lita 9,200. Hesabu hii huchukulia kwamba tope litaondolewa takriban kila mwaka.

Tangi la familia hiyo linaweza kuwa na urefu wa mita 2.6, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.2, vipimo vyote vikiwa vya ndani. Juu ya maji iachwe nafasi ya sentimita 30. Ukuta hugawanya tangi vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za urefu. Bomba la kuingiza liwe juu kidogo ya bomba la kutoa, na yote mawili yawekwe kiungo cha umbo la T ili mafuta na tope visitoroke. Sakafu iwe ya zege na kuta zipigwe plasta ya kuzuia maji. Kabla ya kulitumia, lijaze maji na uangalie kesho yake kama yamepungua.

Mahali pa shimo la kunyonya

Kipimo kinachotumiwa sana ni umbali wa angalau mita 30 kutoka kisima chochote, kikiwemo cha jirani. Penye mwamba wenye nyufa, umbali huo huenda usitoshe. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, yakipimwa wakati wa mvua za masika, si wakati wa kiangazi.

Fikiria ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Ni vigumu kupata nafasi ya kisima na shimo la kunyonya humo kwa usalama. Majirani wanne wakichimba kila mmoja chake, wote wanakunywa maji ya mwenzake.

Udongo nao upimwe. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina unachokusudia, kijaze maji na ukiache hadi kesho. Mimina tena, kisha uhesabu dakika ambazo maji huchukua kushuka milimita 25. Yakishuka kwa chini ya dakika moja, yanapita bila kuchujwa. Yakizidi dakika 60, kama inavyoweza kutokea kwenye udongo wa mfinyanzi, shimo litafurika. Katika hali zote mbili, mwombe mhandisi akushauri kuhusu mitaro ya juujuu yenye tabaka la mchanga, au tangi lililozibwa kabisa linalonyonywa na lori.

Mikahawa, hoteli na majengo makubwa

Maji ya jikoni ya mkahawa yapitie kwanza kwenye kinasa mafuta, la sivyo mafuta yataziba udongo. Hoteli ipimwe kwa siku ambayo vyumba vyote vimejaa wageni. Majengo makubwa huenda yakahitaji mtambo wa kusafisha maji taka, pamoja na leseni ya NEMA.

Kabla na baada ya kuchimba

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya kaunti kabla ya ujenzi. Ramani yako ionyeshe tangi, shimo la kunyonya na visima vilivyo karibu, pamoja na vya majirani. Mwombe afisa wa afya ya umma akague mahali hapo kabla ya fundi kuanza kuchimba. Kuhamisha alama kwenye karatasi ni rahisi kuliko kufukia shimo.

Mfumo ukishaanza kutumika, usielekeze maji ya mvua kwenye tangi. Lita lori tope linapofikia theluthi ya kina. Na kamwe usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Hewa yake ina sumu inayoweza kuua kwa dakika chache, na wengi hufa wakijaribu kumwokoa mwenzao. Mtu akianguka humo, mwite mwokoaji mwenye vifaa, usimfuate.

Ikiwa una kisima na shimo la zamani lisilojaa, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, na upeleke sampuli ipimwe kupitia ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe.