Viyoyozi Viwili, Stima Kidogo

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Je, viyoyozi viwili vyaweza kukaa kwenye stima kidogo? Naam, ila kwa masharti.

Sisi wa Ganda twalijua joto la Machi, kaskazi inapokatika na usiku kukosa upepo. Mwenye uwezo hununua kiyoyozi, kisha cha pili, na hapo ndipo fyuzi huanza kukatika. Wengine huuliza, "Mbona hapo Langobaya pana mitambo ya umeme wa jua ya megawati 40 tangu 2021?" Jawabu ni hili: bahari ni kubwa, lakini mwenye kata huteka kata tu. Waya wa nyumba yako ndio kata yako.

Tupige hesabu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Stima yetu ni volti 240 na fyuzi ya plagi ni ampea 13, basi plagi moja isipitishe zaidi ya wati 3,120. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida chaweza kula wati 1,200, yaani ampea 5. Viwili ni ampea 10. Sasa mtu akichomeka birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, linataka ampea 8 na zaidi. Jumla imepita 18!

Shida ya pili ni mshtuko wa kuwasha. Kompresa ya kiyoyozi cha kizamani ikianza kuzunguka huvuta stima mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Ni muda wa kupepesa jicho, lakini watosha kuizima jenereta ndogo.

Kule Marekani kuna magari yenye vitanda na jiko ndani. Gari la namna hiyo lenye waya wa ampea 30 wa volti 120 hupata wati 3,600 tu. Wanaotaka viyoyozi viwili humo hufunga kifaa cha kugawa zamu: kimoja kikipumzika, kingine hufanya kazi. Sisi nasi twaweza kufanya hivi:

1. Kila kiyoyozi kiwe na laini yake, iliyofungwa na fundi aliyehitimu.
2. Washa kimoja, ngoja dakika chache, ndipo uwashe cha pili. Stima ikipotea, zima vyote kabla haijarudi.
3. Usipige pasi wala kuchemsha maji vyote viwili vikiwa vinafanya kazi.
4. Safisha chujio, funga madirisha, na uweke nyuzi 25 au 26, si 16.
5. Punguza joto lenyewe. Panda mti upande wa jua la jioni. Waliojenga Gede kwa kuta nene za matumbawe hawakuwa na stima hata chembe.

Neno la mwisho ndilo zito. Fyuzi ikikatika, kuna wajanja wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Wallahi, huo si ujanja! Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga mdomo, waya hupata moto kimya kimya ndani ya ukuta au chini ya makuti, watu wakiwa wamelala. Jenereta nayo isiwekwe chumbani kamwe, kwani moshi wake huua bila kubisha hodi.

Tahadhari kabla ya athari. Mafahali hawa watakaa zizi moja, mradi kila mmoja angoje zamu yake.