Chuo Gani kwa Anayetaka Kusomea Kompyuta?

 Niko hapa karibu na Nkubu, nikiandika haya kabla ya kengele ya jioni kulia.

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa darasa letu anayetaka kusomea kompyuta kwamba ataenda chuo gani, atakujibu mara moja, "Nairobi." Mwulize kwa nini Nairobi. Atakutazama kama mtu asiyejua jua hutokea wapi. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi muhula wa tatu wa kidato cha pili, tulipopewa fomu za kuchagua masomo. Mimi nilikuwa nimeshaifuta Fizikia, kwa kuwa ilikuwa inaniangusha kila mtihani, nikabaki na Bayolojia na Kemia. Binamu yangu aliye chuoni alipoiona ile fomu mezani kwetu alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Wewe si ndiwe unasema utasomea kompyuta?" Kumbe vyuo vingi vinavyofundisha Sayansi ya Kompyuta huitisha Hisabati na Fizikia, na aghalabu ni C+ kwa kila moja. Usiku huo nilitafuta kifutio nyumba nzima.

Ndiyo maana nasema mambo haya ni ya kidato cha pili na cha tatu, wala si ya kungoja matokeo. Siku hizi maombi ya chuo hupelekwa KUCCPS, ile idara inayowagawia wanafunzi nafasi (wazazi wetu waliijua ya zamani kwa jina la JAB), na hupelekwa baada ya matokeo ya KCSE kutoka. Kwa hivyo mtu hujiambia bado ana wakati. Wakati anao wa kujaza fomu, lakini somo alilolitupa miaka miwili iliyopita haliwezi kurudi.

Wacha nieleze hesabu yenyewe. Kwanza lazima upate wastani wa C+ ndipo uhesabiwe kwa shahada. Tangu mtihani wa 2023, wastani huo hutafutwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Pili, kuna alama za kozi, zinazotokana na masomo manne ambayo kozi hiyo inayataka, na upeo wake ni 48. Kozi ni ile ile, lakini alama zinazohitajika hutofautiana chuo kwa chuo kwa sababu wanaoomba hawalingani. Nairobi na Juja huwa juu. Jambo la kutufariji sisi wa shule za kutwa ni kwamba somo la Kompyuta la KCSE halilazimiki. Shule yetu hailifundishi, na sikulala usingizi kwa ajili hiyo hadi niliposoma masharti mwenyewe pale saiba. (Mwalimu wetu mlezi anataka tuseme "tarakilishi". Nisamehe, Mwalimu, lakini mtaani hakuna atakayenielewa.)

Sasa tuje kwenye majina ya kozi, kwani hapa ndipo watu huanguka. Yule binamu yangu aliyenicheka naye aliwahi kuchekwa. Alichagua kozi ya biashara na teknolojia ya habari akidhani ni Sayansi ya Kompyuta yenye jina refu. Akafika, akakuta uhasibu, uchumi na usimamizi, na kompyuta kando. Si kozi mbaya, na sasa ameizoea, lakini siyo aliyoitaka. Kozi ya Teknolojia ya Habari nayo hukazia kuunganisha mitandao na kuitunza mitambo ya ofisi. Sayansi ya Kompyuta, ambayo huchukua miaka minne, ni kujifunza jinsi ya kuifanya mashine itatue tatizo, na ndani yake mna hisabati kama kokwa ndani ya embe. Anayedhani ni kupiga chapa na kurekebisha printa ajiandae kushtuka.

Nitoe mfano. Tuseme una orodha ya majina 1000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nawe unamtafuta Mwenda. Ukianza kwa jina la kwanza ukashuka moja moja, mara utamwona upesi, mara utachoka. Lakini ukifungua katikati, ukaona kama Mwenda yuko juu au chini ya hapo, ukaitupa nusu isiyomhusu, ukafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, hutaangalia zaidi ya mara 10. Majina yakiwa milioni moja, ni mara 20 tu! Kufikiri namna hiyo ndiko kunakofundishwa. Ikiwa umeusoma mfano huu mara mbili kwa raha, basi pengine kozi hii ni yako.

Na chuo je? Mwaka wa 1995 vyuo vikuu vya umma nchini vilikuwa vitano: Nairobi, Moi, Kenyatta, Egerton na Jomo Kenyatta cha Juja. Hakuna hata kimoja kilichokuwa upande wetu huu wa Mlima Kenya. Mtoto wa Imenti au wa Mbeere aliyepita mtihani alibeba sanduku akaenda mbali, hakuwa na la kuchagua. Nadhani desturi yetu ya kutaja Nairobi kabla ya kufikiri ilitoka huko. Leo ukipanda matatu Embu ukaelekea Meru, kisha ukashika njia ya Maua, utapita vyuo vikuu vinne. Chuo Kikuu cha Embu kilianza kama tawi la Nairobi mwaka wa 2011, kikapata hati ya kujitegemea 2016. Chuka kilikuwa chini ya Egerton, kikajitegemea Januari 2013. Cha Kimethodisti, yaani KeMU, ni cha binafsi, na kilipata hati yake 2006. Mbele zaidi ni Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichokuwa chini ya chuo cha Juja na kikajitegemea Machi 2013. Embu, Chuka na Nchiru vyote vinafundisha Sayansi ya Kompyuta. Mimi nikisimama steji ya Nkubu, Chuka iko upande huu na Nchiru upande ule.

Hili la umbali si dogo. Kwetu pesa kubwa huingia mara moja kwa mwaka, bonasi ya majani chai inapolipwa, na kabla haijafika tayari ina wenyewe. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasomea ualimu au kompyuta. Mwaka wa 2023 ukaja mpango mpya wa kupima uwezo wa kila familia, kisha kumpa mwanafunzi sehemu ya msaada, sehemu ya mkopo, na nyumbani wakalipa iliyobaki. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakwenda kinyume cha katiba, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo kila mtu asikilize taarifa ya mwaka wake mwenyewe, asisikilize ya dada yake. Lakini lolote litakaloamuliwa kuhusu karo, kodi ya chumba na chakula cha kila siku hakuna mahakama itakayoviondoa. Mtu wa Meru mjini anaweza kulala kwao akaenda Nchiru asubuhi. Mama yangu alipolisikia hilo aliuliza mara mbili kama shahada ya Nchiru ni shahada kamili. Nikamwambia ni kamili.

Sitaki mseme ninaidharau Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha elimu hii zamani, taasisi yake ya kompyuta iliundwa miaka ya sabini, na kampuni nyingi za kumpa mwanafunzi mazoezi ya kazi ziko mjini humo. Mwenye alama na mwenye uwezo aende, tena aende mbio! Ninachokataa ni kumwacha mtoto akose nafasi au aache chuo mwaka wa pili kwa kukosa kodi ya chumba, ilhali kozi hiyo hiyo ilikuwa safari ya matatu moja kutoka kwao.

Likizo iliyopita nilimsindikiza binamu mmoja hadi chuo fulani, nikauliza maswali yangu bila haya. Niliuliza maabara hufungwa saa ngapi, maana kama huna kompyuta yako hapo ndipo utakaposomea. Niliuliza wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, mazoezi ya kazi hutafutwa na nani, na mradi wa mwaka wa nne husimamiwa vipi. Askari wa lango ndiye aliyenijibu la kwanza, na alijibu vizuri kuliko kijikaratasi chao.

Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 ndio watahiniwa wa KCSE ya 2027, na nyuma yetu mtaala ni mwingine. Kwa hivyo nimeandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la Fizikia: Nchiru, Embu, Juja. Alama yangu ya Fizikia muhula uliopita ilikuwa 43. Tunakutana Jumatano na Ijumaa baada ya masomo katika darasa la kidato cha tatu, dawati za nyuma. Anayetaka aje na karatasi za mitihani iliyopita, na akiwa na kikokotoo kinachofanya kazi, aje nacho pia.