Shofere wa kamyo si jina la matusi

Leo nataka tuongee juu ya watu tunaowaona kila siku bila kuwaangalia sawasawa: mashofere wa makamyo makubwa yanayopita Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi.

Hapa kwetu Katanga, ukisema fulani ni shofere wa kamyo, watu wanakuwa na majibu tayari. “Ba shofere ni balevi.” “Banakuwaka na bibi ku kila mupaka.” “Banaibaka mazuti ya patron.” “Abakusoma, njo maana banaendesha vile.” Na ile ya mwisho, inayosemwa kwa sauti ya chini: “Njo bale banaletaka magonjwa.”

Mimi ni mtoto wa shofere. Minervali yangu ya université ililipwa na usukani, na najua katika shirika letu siko peke yangu. Leo natumika Kasumbalesa kama deklaran, yaani mtu anayetayarisha karatasi za duane kwa ajili ya mizigo. Kwa hiyo hawa watu nawajua nyumbani na ku kazi. Sitasema kwamba wote ni malaika. Ninachotaka kueleza ni kwamba mambo mengi tunayoita tabia ya mashofere ni matokeo ya namna kazi yao imepangwa. Na tukiendelea kuita tabia, hakuna atakayetengeneza ile mipango.

Bon, tuanze na safari yenyewe.

Congo ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa kobalti, na kwa shaba iko kati ya nchi za mbele kabisa. Sehemu kubwa ya hiyo mali inatoka Lualaba na Haut-Katanga, na sababu reli yetu imechoka, inabebwa na makamyo. Yanaenda kwenye bandari za mbali: Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay. Yakirudi yanaleta salfa, chokaa, mashine, mafuta, unga, saruji. Kamyo moja inabeba karibu tani 30. Anayekwenda Dar es Salaam anatembea karibu kilometa 2.000, anapita Zambia nzima, anavuka Nakonde na Tunduma, halafu anarudi.

Hapo tayari lile neno “abakusoma” linaanza kuwa na shida. Congo tunaendesha upande wa kuume. Zambia na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Shofere anabadilisha upande pale mpakani, na mzigo wa tani 30 nyuma yake. Karatasi za Congo ni za Kifaransa, za Zambia ni za Kiingereza. Na polisi mmoja anaongea Kibemba, na mwengine Kiswahili cha Tanzania. Lazima ajue uzito unaokubaliwa kwa kila ekseli, sababu kwenye mizani ya Zambia uzito ukizidi, kamyo haiendi. Lazima asikie kwa sikio kama hewa ya freni inatoka. Lazima ajue kufunga shaba isisogee wakati wa kushuka mlima. Wengine walifika tu kalasi ya sita, ni kweli. Lakini kukosa diplome na kukosa akili ni vitu viwili. Sisi wenye diplome tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa hiyo tofauti.

Sasa tuje kwenye pombe na wanawake, sababu njo mahali watu wanapenda kuzungumza.

Kamyo ikifika Kasumbalesa haivuki tu kama mtu anayevuka njia. Deklaran anaweka deklarasyon. Mwenye mzigo analipa kodi. Duane, yaani DGDA, inachunguza. OCC inaangalia bidhaa. DGM inaangalia watu, na watu wa afya nao wanafanya kazi yao. Upande wa Zambia mambo yanaanza upya. Karatasi moja ikikosa muhuri, au network ikikatika, au mwenye mzigo akichelewa kulipa, kamyo inabaki pale pale. Nimeona mashofere wakimaliza wiki nzima katika foleni. Angalia vizuri: shofere haandiki deklarasyon, halipi kodi, hafungui mpaka. Kati ya watu wote wanaohusika na ule mzigo, yeye ndiye asiye na uwezo wa kuharakisha kitu. Lakini yeye njo anakaa.

Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilifunga mipaka yake na sisi kwa siku chache. Sababu yake ilikuwa mabishano ya biashara, baada ya Congo kukataza kuingiza bia na vinywaji kutoka nje. Shofere aliyebeba shaba hakuwa na neno lolote katika mambo ya bia. Alingojea tu.

Na anangojea wapi? Mara nyingi kando ya barabara. Hakuna choo, hakuna maji ya kuoga. Hawezi kuacha kamyo aende kulala mahali pengine, sababu wezi wanapasua bashi na kushusha mzigo usiku, na kesho yake ni yeye atakayeulizwa. Basi kitu pekee kilicho karibu ni nganda ya kuuza bia, muziki, na wanawake ambao nao wametafuta kula pale palipo na pesa. Uchukue wanaume mia moja wa kazi yoyote, hata maprofesa wetu, uwaweke mbali na familia kwa mwezi mzima, siku nyingi bila kazi ya kufanya, na pa kukaa pawe nganda tu. Sehemu yao watakunywa. Wengine watakunywa maji na kuongea na watoto wao ku telefone, kama wengi ninaowaona kila jioni wamekaa chini ya remorke na sufuria ndogo ya bukari. Hawa wa pili hakuna anayewasimulia.

Habari ya magonjwa inafanana na hiyo. Toka miaka ya 1980, watu wa afya waliochunguza SIDA katika Afrika walienda sana kwenye barabara kuu na mahali makamyo yanapolala. Walikuwa na haki ya kuangalia pale, maana ugonjwa unafuata njia ambazo watu wanatembea. Lakini katika midomo yetu, “ugonjwa unapita mahali watu wanapongojea sana” ukageuka “shofere ni ugonjwa.” Mwaka 2020 tuliona tena jambo lile lile na Covid. Mwezi wa 5 wa mwaka ule, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda sababu wagonjwa waliongezeka pale. Wakati ule wote, mashofere njo waliokuwa wanatuletea chakula na dawa huku sisi tukiwa tumejifungia nyumbani. Katika vijiji vingine kando ya njia, hakuna aliyetaka hata kuwauzia maji. Yaani mzigo tuliupokea, mtu aliyeuleta tukamkimbia.

Tuje kwenye mazuti. Hapa sitaficha: kuna mashofere wanaouza mazuti ya kamyo, na kila mtu anajua vidumu vya njano vya kando ya barabara vinatoka wapi. Wizi ni wizi. Lakini mwenye kutaka uishe lazima aelewe hesabu yake. Wengi ninaoongea nao wanalipwa kwa safari, si kwa siku. Wanapewa feza ya njia iliyohesabiwa kwa siku fulani. Tuseme ni siku 12. Safari ikichukua siku 20, zile siku 8 atakula nini? Na peaje ambayo haikuandikwa, na “kitu kidogo” kwenye bariere, na pine iliyopasuka, vitatoka wapi? Bosi akiwa Lubumbashi anasema: “Ujipange.” Hilo neno “ujipange” linajua vizuri sana litapata nini. Halafu mazuti ikipungua, tunashangaa.

Malipo ya safari yanaeleza pia mwendo wa kasi. Anayelipwa kwa safari, kila siku aliyongojea mpakani ni siku aliyopoteza. Njia ikifunguka, anataka kuirudisha. Anaendesha usiku, anaendesha amechoka. Mwezi wa 2 mwaka 2019, katika Lualaba, kamyo iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, pamoja na basi, na watu wasiopungua 18 wakafa. Kwa ajali kama ile, watu wanauliza kwanza: “Shofere alikuwa amelewa?” Ni swali la haki. Lakini linapaswa kuwa na wenzake. Alikuwa ameendesha masaa ngapi? Freni ziliangaliwa lini na nani? Njia ilikuwaje pale? Nani alimwambia lazima afike siku ile?

Kuna kipimo kinachojulikana duniani. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitengeneza mwaka 1979 mapatano namba 153, juu ya masaa ya kazi katika usafiri wa barabara. Yanasema shofere asiendeshe zaidi ya masaa 4 bila kupumzika, wala zaidi ya masaa 9 kwa siku, wala zaidi ya masaa 48 kwa wiki, na apate masaa 10 ya mapumziko mfululizo kila siku. Uulize shofere yeyote wa njia ya Kolwezi kama anaishi hivyo. Atacheka.

Utaniuliza: sasa haya majina mabaya yanaharibu nini? Ni maneno tu.

Apana, si maneno tu. Yaya yangu naye ni shofere. Alipopeleka posa, mjomba wa binti aliuliza mbele ya watu wote: “Mutoto wetu atakuwa bibi ya ngapi mu ile barabara?” Ilichukua mwaka mmoja mpaka wakamkubali, na ni mtu asiyegusa pombe. Alipotafuta mkopo wa kununua kiwanja, ofisi moja ilimwambia kazi yake “aina uhakika,” ijapokuwa alikuwa na miaka 11 kwa bosi mmoja. Kijana aliyesoma ufundi wa magari anaogopa kushika usukani sababu mama yake atasikia haya. Basi kazi inabaki kwa wale waliokosa njia nyingine, halafu tunasema: “Munaona? Ni bale bale.”

Na kuna jambo kubwa zaidi. Jina baya linafaidisha watu. Kama ajali ni tabia ya shofere, bosi hahitaji kununua mapine mapya. Kama shofere ni mwizi kwa asili, hakuna haja ya kuandika kwamba siku za kungojea zinalipwa. Kama ni mlevi tu, nani atajenga parkingi yenye choo, maji na taa?

Njo hapa sisi wenye kumaliza masomo tunaingia. Wengi wetu tuko katika ofisi ambazo zinamgusa shofere bila kumwona. Wewe unayeandika mikataba, weka kipengele cha siku za kungojea: baada ya siku kadhaa mpakani, kila siku inalipwa. Wewe uliye katika kampuni ya migodi, uliza kama wale wanaobeba mali yenu wana mahali pa kuoga na kulala. Wewe mganga, fikiria kituo cha afya kinachofunguliwa usiku karibu na foleni, maana mchana hawezi kuacha gari. Wewe mwandishi wa habari, ukiandika kwamba kamyo imepinduka, andika pia masaa na freni. Na wewe uliye polisi au ku duane, unajua mwenyewe ninachotaka kusema.

Mashofere nao wana sehemu yao. Anayekunywa kabla ya kuendesha anaua watu, na wenzake wanaonyamaza wanamsaidia. Nafurahi kuona baadhi yao wakikatazana wenyewe katika foleni, mkubwa akichukua ufunguo wa mdogo aliyelewa mpaka asubuhi. Hiyo ni heshima ya kazi, na inaanzia kwao.

Baba yangu aliacha usukani kwa sababu ya mgongo. Mpaka leo akisikia kamyo inashuka mlima, anasikiliza freni kwanza, halafu anaendelea kuongea. Ukipita Kasumbalesa siku moja, ukimkuta mmoja wao amekaa chini ya remorke yake, umsalimie, umuulize ako na siku ngapi pale. Jibu lake litakufundisha mengi juu ya nchi yetu.