Kabla ya kujaza kifusi mpakani

Katika sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule ulipomegwa kutoka Rukwa, Mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu hao wanahitaji pa kulala, na mji wa Mpanda unabeba sehemu ya ujenzi huo. Viwanja vikibanana, mwenye eneo la chini hujaza kifusi ili nyumba yake ikae juu ya maji ya mvua, kisha hukizuia kifusi kwa ukuta uliopandishwa juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Mwenyewe huuita uzio. Manispaa ya Mpanda haipaswi kukubaliana naye. Ukuta unaozuia udongo ni jengo linalobeba mzigo, na swali la kwanza kwenye kibali chake liwe hili: maji yatatokea wapi?

Uzio hubeba uzito wake na upepo, basi. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana, na msukumo huo haupandi sawasawa na urefu. Ukuta wa mita 2 husukumwa kwa nguvu mara nne ya ule wa mita 1, na nguvu ya kuupindua ni mara nane. Hapo udongo ni mkavu. Maji yakijaa nyuma ya ukuta usio na matundu ya kuyatoa, msukumo hukaribia kuwa maradufu. Sasa Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Ukuta mwembamba wa tofali za kuchoma unaweza kusimama kiangazi kizima, fundi akasifiwa na kulipwa chake, halafu Januari ukalala kwenye jiko la jirani. Kusimama kwake mwezi wa Agosti hakuthibitishi chochote.

Atakayesema kwamba sheria zipo hakosei. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nguvu ya kudhibiti uendelezaji, Sheria ya Upimaji Ardhi inamtia hatiani anayeng’oa bikoni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Aidha, kanuni za sheria ya Uingereza zilizopokewa nchini kwa tarehe ya 22 Julai 1920 zinamlinda mwenye ardhi dhidi ya jirani anayechimba hadi udongo wake ukaporomoka. Lakini haki hiyo ni ya ardhi katika hali yake ya asili, bila uzito wa nyumba iliyoongezwa juu yake, na kwa kawaida madai huanza baada ya hasara kutokea. Mlalamikaji naye ana safari: tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu; wahusika wasipopatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ni jambo jema, ila hausimamishi tena ukuta ulioanguka.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama, na halifai kupuuzwa. Anayejenga kwa kudunduliza atauliza kwa nini amlipe mhandisi kwa ajili ya ukuta. Jibu ni kuweka kiwango. Miji mingi ya Marekani haidai kibali kwa ukuta usiozidi futi 4, yaani kama mita 1.2, ukipimwa kuanzia chini ya msingi, mradi haubebi mzigo wa ziada juu yake. Mpanda inaweza kuchagua kiwango chake: chini ya hapo mjenzi amjulishe jirani mbele ya mwenyekiti wa mtaa, juu ya hapo alete mchoro. Tabaka la kokoto nyuma ya ukuta na mabomba machache ya kutolea maji ni bei ndogo kuliko kuujenga mara ya pili. Na maji hayo yaelekezwe kwenye mfereji, yasitupwe uani kwa mwenzake. England na Wales walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 1996 inamtaka anayechimba ndani ya mita 3 za jengo la jirani, chini ya msingi wake, atoe taarifa kwanza.

Kuhusu ufinyu wa kiwanja, ni kweli kwamba kurudi nyuma ya mpaka kunapunguza eneo. Lakini ukuta uliosimama juu ya mstari unalazimisha msingi wake uingie kwa jirani, au uwe mwembamba kupita kiasi. Penye mteremko mdogo, mara nyingi hata ukuta hauhitajiki: ngazi za udongo zilizoshikwa na nyasi za vetiva zinatosha. Minyaa nayo hufaa kwa uzio, japo utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto. Mikaratusi ipandwe mbali na misingi ya watu.

Madiwani wa Mpanda wanaweza kuyaweka haya katika sheria ndogo fupi inayosomeka mbele ya ofisi ya kila mtaa. Wafanye hivyo wakati wa kiangazi, maana Novemba kifusi kitakuwa kimeshajazwa.