Sura ya Sita: Mteja wa Kwanza Alikuwa Ghalani

Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria na mwanasayansi mzaliwa wa Swansea, Wales, alionyesha kwamba haidrojeni na oksijeni zinaweza kuzalisha umeme na maji bila kuwashwa moto. Ilipita zaidi ya karne moja kabla hajapatikana mtu wa kuulipia ugunduzi huo. Aliyepatikana hakuwa mteja wa kawaida: NASA ilihitaji umeme angani na haikuwa na haja ya kuuliza bei. Chombo cha Gemini 5 kiliruka mwaka 1965 na seli za mafuta, yaani vifaa vinavyotumia ugunduzi huo, na baadaye wanaanga wa Apollo wakanywa maji yaliyotoka kwenye seli zao.

Ndani ya seli kazi inakwenda hivi. Haidrojeni huingia upande mmoja na kugusa platini, na kila atomu hugawanyika kuwa protoni na elektroni. Katikati upo utando mwembamba unaopitisha protoni na kuzuia elektroni. Elektroni hulazimika kuzunguka kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme tunaoutumia. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni ya hewani, maji yakatokea. Seli moja ikiwa kazini hutoa takriban volti 0.7 tu, ndiyo maana hupangwa kwa mamia. Toyota Mirai ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, ilikuwa na seli 370.

Platini ni ghali, utando ni ghali, na kitu kinachotengenezwa kwa idadi ndogo hakishuki bei. Gari linaongeza fundo jingine: nani atajenga kituo cha haidrojeni pasipo magari, na nani atanunua gari pasipo kituo? Hata hivyo fedha nyingi zilikimbilia huko. Mwaka 1997 Daimler-Benz iliwekeza katika kampuni ya Ballard ya Vancouver, lengo likiwa magari ya seli kuwa sokoni ifikapo 2004. Mwaka huo ukaja, ukapita. Mapema 2008 Ballard iliwaachia Daimler na Ford kitengo chake cha magari. Kwa maoni yangu teknolojia haikuwa na kosa kubwa hapo. Kosa lilikuwa kuanzia kwenye soko gumu kuliko yote.

Soko lililofunguka lilikuwa la foklifti, mashine za kuinulia na kubebea mizigo. Katika maghala makubwa ya Marekani mashine hizi hufanya kazi mchana na usiku kwa betri za risasi na asidi. Betri moja yaweza kuzidi uzito wa tani moja. Huchajiwa kwa takriban saa 8, kisha huachwa ipoe kwa muda unaokaribia huo, hivyo ghala lenye zamu tatu linaweza kuhitaji betri tatu kwa kila foklifti, pamoja na chumba cha kuzichajia. Karibu na mwisho wa zamu nguvu hupungua, na foklifti inakwenda kwa kujikokota. Kwenye maghala ya vyakula vilivyogandishwa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu baridi huinyonya betri.

Seli ya mafuta iliziba matundu hayo yote. Tangi hujazwa kwa dakika 2 au 3, nguvu haipungui hadi gesi iishe, na chumba cha betri kinarudi kuwa sehemu ya kuhifadhia bidhaa. Hata uzito, ambao kwenye gari ni balaa, kwenye foklifti ni hitaji, maana pasipo uzito nyuma mashine ingepinduka ikiinua mzigo. Muhimu kuliko yote, foklifti haitoki ghalani. Kituo kimoja cha haidrojeni kinazitosha zote, na lile fundo la vituo linafunguka lenyewe.

Plug Power, kampuni ya jimbo la New York iliyoanzishwa mwaka 1997, ilianza na ndoto ya kuweka seli katika nyumba za watu. Mwaka 2007 ilinunua kampuni mbili zilizokuwa zikishughulikia foklifti. Mojawapo, General Hydrogen, ilianzishwa na Geoffrey Ballard mwenyewe baada ya kutoka katika kampuni yenye jina lake. Nafuu ya kodi ya serikali ikasaidia kupunguza bei. Walmart ikaagiza kwa wingi mwaka 2014, Amazon ikafuata 2017, na hadi leo makumi ya maelfu ya foklifti zimefungwa seli hizo.

Lakini kupata mteja ni jambo moja, kupata faida ni jingine. Ili kuwavuta Amazon na Walmart, Plug Power iliwapa haki ya kununua mamilioni ya hisa zake, na gharama ya haki hizo ilipokatwa kwenye mauzo, mapato ya mwaka 2020 yalisomeka chini ya sifuri. Kisha kulikuwa na gesi yenyewe. Kampuni iliwauzia wateja haidrojeni kwa bei ndogo kuliko ile iliyoinunulia kwa wazalishaji, hivyo kila foklifti mpya ilizidisha hasara. Novemba 2023 iliwatangazia wawekezaji kwamba kuna shaka kama itaweza kuendelea na biashara. Januari 2024 kiwanda chake cha Georgia, kilichojengwa kuzalisha tani 15 za haidrojeni kwa siku, kikaanza kutoa gesi iliyogeuzwa kimiminika kwa ajili ya maghala yale yale.