Kweli au Uongo: Kuchora Vidogo kwa Kiini cha Yai

National Gallery ya London ina mbao mbili za mwaloni zilizoungwa kwa bawaba, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 53 hivi. Ni kazi iitwayo Wilton Diptych, iliyochorwa kwa tempera, yaani rangi ya kiini cha yai, kwa ajili ya Mfalme Richard II wa Uingereza katika miaka ya 1395 hadi 1399 hivi. Mchoraji wake hajulikani. Malaika mmoja anashika bendera, na juu ya mlingoti wake kuna tufe lenye upana wa kama sentimita moja. Ndani ya tufe hilo mna kisiwa cha kijani na ngome nyeupe. Mchoro huo uligunduliwa kazi iliposafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi za namna hii huvuta maneno mengi, na si yote ya kuaminika.

Ukitaka kuchora vidogo, tafuta brashi yenye nywele tatu. Uongo, na ndio unaowapoteza wanafunzi wengi. Brashi nyembamba kupita kiasi haishiki rangi: inakauka nchani kabla haijafika ubaoni. Kinachotakiwa ni brashi ya duara yenye tumbo nene na ncha kali. Unaichovya, unaikamua kwa vidole au kitambaa mpaka ibaki na unyevu kidogo, ndipo unavuta mistari mifupi, myembamba. Mstari mmoja hauonyeshi chochote. Wa pili unalala kando yake, mingine inakatiza juu, tabaka baada ya tabaka, hadi shavu linapata mviringo. Kwa maoni yangu mkono usiotetemeka unasifiwa kupita kiasi. Anayeumudu ufundi huu ni yule asiyechoka kurudia.

Rangi hii haichanganyiki juu ya ubao. Nusu kweli. Inashika baada ya sekunde chache tu, na ukirudi mapema na brashi iliyolowa, utang'oa tabaka la chini na kuacha doa. Kwa hiyo kivuli na mwanga hukutanishwa kwa mistari, au kwa rangi nyepesi mno inayopitishwa juu ya tabaka lililokauka. Mafundi wa Italia wa karne ya 14 walitanguliza udongo wa kijani kwenye nyuso, kisha wakaweka waridi juu yake, wakiuacha ule ukijani uchungulie kwenye vivuli. Pale ambapo waridi imechakaa, watakatifu wanaonekana wa kijani kama wagonjwa. Hawakuchorwa hivyo.

Kiini huifanya bluu kuwa kijani. Uongo. Cennino Cennini, Mtaliano aliyeandika mwongozo wa ufundi huu karibu na mwaka 1400, alitaka viini vya kuku wa mjini, vilivyopauka, kwa nyuso za vijana, na vya kuku wa shamba, vyenye wekundu zaidi, kwa nyuso za wazee. Anayefuga kuku wa kienyeji ataelewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Hata hivyo, umanjano wa kiini hupauka kwa mwanga, na bluu hubaki bluu.

Unatumia yai zima. Uongo. Ute ulikuwa na kazi yake, kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa mkono na kugandishia karatasi za dhahabu. Hapa kinatakiwa kiini peke yake: kipitishe kiganja hadi kiganja mpaka ute uishe, kishike kwa ngozi yake juu ya kikombe, kitoboe, kisha ngozi itupe. Ongeza maji kidogo, halafu changanya na rangi ya unga iliyosagwa kwa maji.

Kiini kikizidi, rangi inakuwa imara zaidi. Uongo wenye hasara. Kikizidi, rangi inang'aa kama mafuta na inaweza kupasuka. Kikipungua, inafutika kama chaki. Jaribu kwanza juu ya kioo: ikikauka, ikwangue kwa wembe. Ikitoka kama utepe unaojikunja, umepatia. Ikitoka unga, ongeza kiini.

Inakauka papo hapo. Kweli ukiigusa kwa kidole. Lakini kukomaa kwenyewe huchukua miezi, na kabla ya hapo uso wake hukwaruzika kwa urahisi.

Haiwekwi kwenye turubai. Si kweli kabisa: Kuzaliwa kwa Venus, kazi ya Botticelli, ni tempera juu ya turubai. Ila turubai hujikunja, na rangi hii ikishakomaa haikunjiki. Kwa kazi ndogo, ubao uliopakwa tabaka kadhaa za chaki au jasi iliyochanganywa na gundi ya ngozi, kisha ukapigwa msasa hadi ukalainika, hauna mpinzani. Andrew Wyeth alitumia ubao wa aina hiyo mwaka 1948 kuchora Christina's World, na nyasi zake zimevutwa mstari kwa mstari.

Mchoro utanuka. Uongo, ukishakauka hauna harufu. Kilichobaki kikombeni ndicho kitakachonuka. Tone la siki litakusaidia siku moja au mbili, lakini ni rahisi zaidi kuvunja yai jingine asubuhi.