Kutoga Ulimi: Tuwatibu Watoto Kabla ya Kuwafukuza

Kiswahili hakina umaskini wa maneno linapozuka suala la kutoboa mwili kwa ajili ya pambo. Kulitoboa sikio ni kulitoga, na tundu linalobaki huitwa ndewe. Puani hutiwa kipini au hazama. Kuichanja ngozi ili ibaki na alama ni kutoja, na Wamakonde wanajulikana kote Afrika Mashariki kwa ndonya ya mdomo wa juu. Msamiati wa aina hii hauzuki bure; huzaliwa na watu waliokuwa wakilitenda jambo lenyewe kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kuifundisha lugha hii sijapata kukutana na jina la pambo la ulimini. Masikio yalitogwa, pua ikatogwa, ulimi ukaachwa ufanye kazi yake.

Sasa nao umefikiwa. Walimu wenzangu wa Kitale na Bungoma wanajua ninalolizungumzia, ijapokuwa wengi wetu hulinong'oneza tu katika chumba cha walimu. Wahusika si wengi, na sina haja ya kupiga kelele kana kwamba kizazi kizima kimepotea. Kinachonikera ni jinsi sisi wakubwa tunavyolikabili jambo hili.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya wasichana viungani mwa Kitale, mwanafunzi wa kidato cha tatu alirejea kutoka likizo akiwa amebadilika matamshi. Nilipomtaka asome kwa sauti, 'thamani' ikawa 'samani' na 'dhahabu' ikawa 'zahabu'. Wenzake wakaangua kicheko, wakidai kuwa amerudi na Kibukusu kizito kutoka nyumbani. Sivyo. Sauti hizo mbili huhitaji ncha ya ulimi ifike menoni, na yeye ulimi wake ulikuwa umevimba na kubeba kipini cha chuma chenye kitufe juu na chini. Alikuwa ametogwa mjini Bungoma, katika chumba cha nyuma cha saluni, kwa fedha alizozidunduliza kutoka katika nauli. Kwa siku tatu hakuweza kutafuna ugali. Aliishi kwa uji.

Uamuzi wa shule haukuchelewa. Aliamriwa akitoe kipini hicho mbele ya wanafunzi wenzake wote, kisha aende nyumbani kwa majuma mawili. Nilipinga katika kikao cha walimu na sauti yangu ikamezwa. Mama yake alipokuja, alifuatana na nyanyake binti, ajuza wa Kibukusu mwenye pengo la meno mawili ya chini. Mama alilia. Nyanya hakulia. Alinitazama akasema, "Mwalimu, mimi nilipokuwa mdogo kuliko huyu walining'oa meno, wala hakuna aliyeniuliza kama nataka. Leo mjukuu wangu amejitoboa mwenyewe, nanyi mnamfukuza. Nielezeni tofauti, mwanangu."

Msomaji mpendwa, swali hilo halijibiwi kwa kusema tu kwamba haya ni mambo ya kigeni. Jamii zilizouzunguka Mlima Elgon na milima ya Cherangani ziliutia mwili alama kwa namna nyingi. Waturkana na Wapokoti walitoboa chini ya mdomo wa chini wakatia kipini. Wakalenjini walivuta ndewe mpaka zikaning'inia. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini. Wazee hueleza kwamba pengo la meno lilisaidia kupitisha uji kinywani mwa mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya. Wala ulimi wenyewe haukusalimika kote duniani. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, kuna jiwe la Wamaya kutoka Yaxchilan, katika nchi ya Mexico ya leo, linalomwonyesha malkia akipitisha kamba yenye miiba katika ulimi wake. Tukio hilo ni la mwaka 709. Kwa hiyo anayehubiri kwamba binadamu wa zamani waliuheshimu mwili na wa leo wameuharibu hajaisoma historia.

Tofauti ipo, lakini iko kwingine. Mtazame mvulana wa Kibukusu katika mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili. Huzunguka na njuga zake kuwaalika jamaa. Huenda kwa mjomba wake. Alfajiri hupakwa matope mtoni na kurudi nyumbani akisindikizwa kwa nyimbo. Anayemtahiri anajulikana kwa jina na kwa ukoo. Kidonda kikikataa kupona, kuna watu wa kuulizwa. Hata hivyo, kisu cha jandoni nacho kimewahi kuleta maafa, na ndiyo maana wazazi wengi siku hizi huwapeleka watoto wao hospitalini. Ninachosisitiza ni kwamba maumivu yale yana mashahidi. Binti wa kidato cha tatu alitogwa mlango ukiwa umefungwa, na aliyemtoga hakumwuliza umri, wala kama anaugua, wala ni nani atakayemtazama usiku ulimi ukivimba.

Nao huvimba. Ulimi una mishipa mingi ya damu, na kinywa ni makao ya vijidudu visivyohesabika. Sindano iliyotumika kwa mwingine bila kutakaswa huweza kupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Sindano chafu yaweza pia kuleta pepopunda, maradhi yale yale ambayo babu zetu walimng'olea mtoto meno ili asife njaa akiyapata. Yamkini vijidudu vya kinywani vikaingia katika damu na kushambulia moyo, hasa kwa mtu mwenye kasoro ya moyo asiyoijua. Hata pale ambapo mambo yote yamekwenda salama, chuma kile hugonga meno kila siku hadi yakamegeka, na husugua ufizi wa nyuma ya meno ya mbele ya chini mpaka ukashuka. Ufizi ulioshuka haurejei wenyewe.

Ndiyo maana kule Wales, ambako vijana wana uhuru mwingi kuliko wetu, sheria iliyotungwa mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa Februari 2018 inakataza mtu yeyote kumtoga ulimi aliye chini ya miaka 18, hata kama mwenyewe ameridhia. Mwenye kosa kwa mujibu wa sheria hiyo ni mtogaji. Sisi humwacha mtogaji akiendelea kupokea wateja, tukamwandama mtoto. Lakini Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto anayestahili ulinzi, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili shuleni. Kumsimamisha msichana mbele ya mamia ya wenzake ili ajing'oe chuma katika kidonda kibichi ni mateso, liwe na jina lolote lile kwenye daftari la nidhamu.

Sipingi sheria za shule. Shule ina haki ya kukataza vipini, kama inavyokataza viatu virefu. Ninachotaka ni utaratibu: kwanza mtoto apelekwe kwa muuguzi au daktari wa meno, kwa kuwa Kitale na Bungoma zote zina hospitali ya rufaa ya kaunti, kipini kitolewe na mtu anayejua anachokifanya, mzazi aitwe, kisha ndipo nidhamu izungumzwe. Aidha, mwanafunzi aliyekwisha kutogwa na anayeona usaha, anayeshindwa kumeza au kupumua vyema, asiogope adhabu hata akanyamaza. Amwendee mwalimu yeyote siku hiyo hiyo.

Yule binti alirudi baada ya majuma mawili. Tundu lilikuwa limeziba, jino moja limemegeka, na mitihani miwili ilikuwa imempita. Saluni ile bado ilikuwa wazi nilipopita Bungoma mwezi uliofuata, na kwenye benchi nje walikuwa wameketi wasichana wawili waliovaa sare ya shule.